Salama, Ila Kifua Kinabana

Juzi kwenye benchi la kliniki, baba mmoja mwenye saruji mikononi aliniuliza kama ule mchezo wa simu wanaopewa watoto wa pumu unasaidia kweli. Alikuwa amempakata mtoto wa miaka minne hivi, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Nikamjibu, "Unasaidia, ndugu yangu." Mara wakaita jina la mwanangu, nikanyanyuka nikaenda zangu. Njiani kurudi nyumbani nilijilaumu sana. Nilimpa jibu la haraka, jibu la kiungwana la mtu anayetaka kuondoka. Jibu lenyewe ni hili ninaloliandika, na kama yule baba hatalisoma, atalisoma mwenzake.

Mimi ni seremala, hapa Ng'ambo, Tabora. Kwa miaka mingi karakana yangu ilikuwa uani kwangu, hatua kumi na mbili kutoka mlango wa jikoni. Natengeneza vitanda, makabati na milango, na mbao yangu ni mninga. Ni mtu wa maneno mafupi na hasira za karibu. Mke wangu, Hadija, husema akisikia ninavyopigilia misumari asubuhi anajua nimeamkaje, hana haja ya kuniuliza.

Tuna binti mmoja, Zena. Sasa ana miaka tisa. Alipofikisha sita ndipo kikohozi kilipomwingia, wakati wa kiangazi, upepo ukivuma na vumbi likikaa juu ya kila kitu. Tukasema mafua. Tukampa asali na limau kama wanavyopewa watoto wote wa Tabora, tukampaka dawa ya kuchua kifuani. Kikohozi kikaondoka, kikarudi, na kiliporudi kilikuja na mluzi. Ukiweka sikio mgongoni mwake unasikia filimbi ndogo ndani, inalia kila anapotoa pumzi. Mimi nilidhani ni jambo la kuchekesha kidogo. Hadija hakucheka.

Mashine ya kwanza ilikuwa mwezi ule ule, kwenye kliniki ya hospitali. Nasema mashine, wazazi wenzangu mnaijua: ile inayonguruma juu ya meza, inatoa mvuke wa dawa kwenye barakoa ya plastiki. Zena alivalishwa, akanishika kidole gumba, akakikamata mpaka mvuke ulipokwisha. Tulitoka pale na dawa mbili za kuvuta. Daktari alizishika mkono huu na huu, akaeleza taratibu. Hii ya kahawia ni ya kila siku, asubuhi na jioni, hata mtoto akiwa mzima kabisa. Hii ya bluu ni ya kuokoa kifua kikibana, na isiachane na mtoto, popote aendapo na yenyewe iende. Alirudia mara mbili. Mimi niliitikia kwa kichwa mara mbili.

Nilisikia nilichotaka kusikia. Mtaani walishaniambia kwamba dawa za kuvuta zinazoesha, mtu akianza haachi, na binti wa watu atakuja kuolewa vipi ana kopo mdomoni. Basi Zena akikaa wiki tatu bila kukohoa, mimi naichukua ile ya kahawia naitia kwenye droo ya karakana, pamoja na bawaba na vitasa. Mtoto mzima anapewa dawa ya nini? Hadija alikuwa anasema, "Daktari kasema kila siku, Baba Zena." Namwambia daktari hamjui mwanangu. Tulibishana hivyo kwa sauti ya chini, kisha kwa sauti ambayo majirani waliisikia.

Mwili wa mtoto ukawa unabadilika mbele yangu nami sioni. Mabega yake yalianza kukaa juu, karibu na masikio, kama ya mtu anayesikia baridi. Ule mfupa wa juu ya kifua ukachongoka. Sentensi zake zikawa fupi. Alikuwa mtoto wa kukimbia, lakini wenzake wakicheza rede kwenye uwanja wa nyuma yeye akawa mlinzi wa viatu vyao. Anakaa juu ya tofali na ndala za watu kumi pembeni, anahesabu pointi. Nilipita pale siku moja nimebeba ubao begani, nikamwona, nikafurahi kwamba ametulia. Hiyo ndiyo akili niliyokuwa nayo.

Sasa nieleze jambo moja dogo ambalo halina uhusiano na dawa, ila bila hilo hamtaelewa yaliyofuata. Baba Mkubwa, yaani kaka wa marehemu baba yangu, anaishi Urambo, na kila mwaka akimaliza kuvuna anakuja kututazama na mfuko wake wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Ni mzee wa adabu za zamani. Mwaka ule alifika jioni, akalala, na asubuhi Zena akaenda kumwamkia sebuleni mbele ya wageni wengine wawili.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Umeamkaje?"

"Vibaya," Zena akasema. "Nimekohoa sana."

Nilihisi uso unaniwaka. Nilimwita pembeni, lakini si mbali, watu wote walisikia. Nikamwambia, "Mtu mzima akikujulia hali, unaanza na salama. Kama una neno, litafuata baadaye. Nani kakufundisha kumrushia mgeni maradhi usoni asubuhi yote hii? Rudi ujibu vizuri." Baba Mkubwa alisema niache, mtoto huyo. Sikuacha. Zena akarudi, akaangalia vidole vyake vya miguu, akasema, "Salama, babu." Baba Mkubwa akageukia habari za mvua na bei ya mbegu. Lile neno nililosema litafuata, hakuna aliyelisubiri.

Mashine ya pili ikaja, na ya tatu. Kliniki tukazoeleka, mpaka tukawa na sehemu yetu kwenye benchi, karibu na dirisha la dawa, ambapo ukuta una baridi na Zena anapenda kuegemea. Mnakaa pale mkiwasikiliza watoto wengine wanavyokohoa, na kila mzazi anajua kikohozi cha wake bila kugeuka. Mnaangaliana mikono. Mwenye mkaa kwenye kucha anauza mkaa, mwenye unga wa mbao kwenye nywele ni mimi.

Pale ndipo alipotukuta muuguzi mmoja nitakayemwita Sista Neema. Kijana, mcheshi, ana sauti ya juu. Alimtazama Zena akivuta dawa yake ya kahawia, akaona moshi wa dawa unamtoka mdomoni, akasema, "Yote hiyo unawapa mbu, mwanangu." Akaomba simu yangu. Mimi nikasita, simu ni ya kazi, ina picha za milango ya wateja. Hadija akampa.

Mchezo wenyewe ni wa msafara. Kuna wapagazi wamebeba mizigo vichwani, wanatembea ile njia ya zamani kutoka pwani, wanapita kwetu Unyanyembe, wanaelekea Ujiji ziwani. Mbele anatembea kirangozi, kiongozi wa msafara, na huyu wa kwenye simu ni mama mtu mzima mwenye ngoma na shuka jekundu. Asubuhi ukifungua anakutazama, anauliza kwa sauti, "Umeamkaje leo, msafiri?" Chini kuna bendera tatu. Kijani ni salama. Njano ni kifua kinabana au unakohoa. Nyekundu ni hali mbaya, ita mtu mzima. Ukishajibu, anakuonyesha namna ya kuvuta dawa: toa pumzi yote, vuta pole pole, shikilia, na ngoma inapiga kumi. Ukishikilia mpaka kumi msafara unasogea. Ukivuta asubuhi na jioni unafika kambi nyingine. Ukiruka siku, wapagazi wanakaa chini wanakutazama, na kuna mmoja mnene anapiga miayo.

Siwezi kusema uongo, ule mchezo ulifanya ambalo mimi na Hadija tulishindwa. Zena alijifunza kushikilia pumzi. Saa kumi na mbili asubuhi nasikia ngoma chumbani kwake, dum, dum, mpaka kumi, nami nikiwa natia randa makali najikuta nahesabu. Ile ya kahawia ilitoka kwenye droo ikakaa kichwani mwa kitanda chake. Alimpa yule mpagazi mnene jina langu. Baada ya mwezi mmoja alikimbia kutoka dukani hadi nyumbani na chumvi mkononi, akaingia akiongea. Hadija aliacha kukoroga mboga, akamtazama, akaingia chumbani kidogo. Nilijua anakwenda kulia.

Basi mimi nikageuka mlokole wa simu. Kabla ya hapo nilikuwa siitaki, sasa nawaonyesha wateja. Kila asubuhi naichukua naangalia bendera. Kijani. Kijani. Kijani. Napanga siku yangu kwa hiyo bendera. Hadija alikuwa anasema tuhamishe karakana, unga wa mninga unaingia mpaka kwenye sufuria, mimi namwonyesha simu: mtoto yuko kijani, karakana imekosa nini?

Kiangazi kikarudi. Watu wakaanza kusafisha mashamba na kuchoma majani, na mbingu ya upande wa mashariki ikawa na rangi ya majivu kila mchana. Kwa siku tatu Zena aliamka na kikohozi kidogo, kile kikavu. Siku ya tatu Hadija alinifuata nikiwa nafunga zana kwenye mfuko. Nilikuwa naenda kwa mama yangu, Itetemia, kumtengenezea fremu ya mlango wa jiko, na Zena alikuwa ameomba kwenda kumwona bibi yake.

"Mtazame mabega," Hadija akasema.

"Nimemtazama."

"Yamepanda. Na usiku alikuwa anakaa kitako."

Nikatoa simu mfukoni nikamwonyesha. "Kijani. Leo, jana na juzi. Wewe unajua kuliko yeye mwenyewe anavyojisikia?"

Hadija alimfunga Zena mtandio, akamwambia asikae karibu na moshi. Dawa ya bluu ilikuwa kwenye droo ya karakana. Kwa vile tulikuwa hatuitumii, niliitia humo na kufunga na ufunguo, isije ikachezewa na kupotea. Ufunguo nilikuwa nao kiunoni. Simu nilikuwa nayo mfukoni. Nikaona nimejitosheleza.

Tulifika kwa mama mapema. Nikaweka ubao juu ya magogo mawili, nikaanza kupiga randa. Shamba la jirani walikuwa wamewasha majani tangu asubuhi, na moshi ulikuwa unakwenda upande mwingine. Saa nne upepo ukageuka. Moshi ukaingia uani kwa mama ukatulia, kwa sababu pale kuna ua wa matete pande tatu. Mimi nilikohoa, nikafuta macho, nikaendelea, ilibaki kidogo tu nimalize upande mmoja. Zena akaja akasimama karibu na mimi, akashika ubao.

"Vipi, Zena?"

"Salama," akasema.

Nikaendelea kupiga randa. Nililirudia neno hilo kichwani mara nyingi baadaye, na kila nikilirudia nasikia lilivyokuwa: dogo, limetolewa kwa hewa ya mwisho. Wakati ule sikulisikia. Nilipiga randa labda mara kumi zaidi. Kisha mama yangu akatoka na ungo mkononi, akatuangalia, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwanao hapumui."

Niligeuka. Zena alikuwa ameshika ubao kwa mikono yote miwili, amejikunja mbele, na kila akivuta hewa ngozi ilikuwa inaingia ndani kati ya mbavu, unaweza kuzihesabu. Midomo ilikuwa na rangi ambayo sijawahi kuiona kwa mtu aliye hai. Nikamwambia sema jina lako. Akasema "Ze". Akavuta hewa. Haikuja sehemu ya pili.

Nikapapasa kiunoni nikashika ufunguo. Nadhani ndipo nilipoelewa nilichofanya. Nikambeba, nikakimbia hadi barabarani, mama nyuma yangu akiniita nisimlaze, mwinue, mwinue mtoto. Bajaji ikasimama. Dereva ananijua, nilimtengenezea kitanda alipooa.

"Habari za asubuhi, fundi?"

"Nzuri," nikasema. "Mtoto anakata pumzi. Hospitali."

Nilisema nzuri. Mwanangu yuko mapajani kwangu anabadilika rangi, na mimi nilimjibu mtu nzuri, kisha ndiyo nikaeleza. Dereva naye hakuona ajabu. Alikanyaga mafuta. Barabara ile ni fupi, nimeipita kwa baiskeli mamia ya mara, lakini siku ile ilikuwa na mashimo ambayo sikuwahi kuyajua. Nilimkalisha wima, mgongo wake kifuani kwangu, na kwa kuwa sikuwa na dawa yoyote ya kumpa nikaanza kupiga ngoma kwa kidole kwenye goti lake. Toa yote. Vuta pole pole. Sijui kama alisikia. Kwenye ile filimbi ya kifuani mwake sauti ilikuwa inapungua, nami kwa ujinga wangu nikadhani anapata nafuu. Baadaye niliambiwa kifua kikinyamaza namna ile ndipo pa kuogopa.

Walimpokea mlangoni, hawakuuliza kadi. Wakamkalisha, wakamwekea barakoa na hewa, mashine ikaanza kunguruma, mmoja akatafuta mshipa. Muuguzi mwanamume akanigeukia, akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni, akasema kwa upole, "Mzee, shati lako limejaa vumbi la mbao. Lisogee mbali na mtoto." Nikatoka nje nikalivua nikalitupa. Nikarudi hadi kwenye benchi, kifua wazi, sijui nijifiche wapi. Mama mmoja aliyekuwa amekaa pale na mtoto wake mgonjwa, mgeni kutoka Ulyankulu kwa namna alivyosema, alifungua kifurushi akatoa kitenge cha maua ya njano. "Jifunike, baba," akasema. "Mungu yupo." Alikuwa na rozari mkononi, mimi Mwislamu, tukakaa pale kila mmoja na dua yake.

Mashine ya kwanza ikaisha, wakaweka ya pili. Hadija alifika akiwa na sindano bado imechomekwa kwenye kifua cha gauni lake, maana yeye ni fundi cherehani na alitoka kama alivyokuwa. Alinitazama akapita, akaenda kumwona mtoto, akarudi akasimama mbele yangu.

"Dawa ya bluu iko wapi?"

Nilifungua kiganja nikamwonyesha ufunguo. Aliutazama muda mrefu. Angenipiga ningemshukuru. Hakufanya hivyo, alikaa mwisho wa benchi, akaacha nafasi ya watu wawili kati yetu, na ile nafasi haikujazwa na mtu kwa saa nzima.

Niliogopa siku ile. Naliandika wazi kwa sababu wanaume tukikaa kwenye yale mabenchi tunajifanya tunasoma matangazo ya ukutani. Niliogopa mpaka meno yakawa yanagongana, na nje jua linawaka. Nilikuwa nahesabu mambo ya kijinga, nikasema hii mashine ikiisha bila wao kukimbia, nitahamisha karakana. Ikiisha, nitaacha kupiga kelele. Walipoweka ya tatu nilikuwa sina tena cha kuahidi.

Adhana ya alasiri ilipolia, Sista Neema alitoka kutuita. Zena alikuwa amekaa, nywele zimelowa jasho, macho makubwa. Alinitazama muda, akavuta hewa, akasema, "Baba, umevaa kitenge." Ilikuwa sentensi nzima. Hadija akacheka na kulia kwa pamoja, na mimi nikashika ukingo wa kitanda.

Tulilazwa siku tatu. Siku ya pili, hofu ilipopungua, ile hasira yangu ya kawaida ikapata nafasi. Nikachukua simu nikamwonyesha Zena zile bendera. Nikamwuliza kwa nini alikuwa anabonyeza kijani wakati anajua anaumwa. Nilikuwa nimeshapata jibu mwenyewe: anataka msafara ufike Ujiji haraka, anadanganya ili ashinde. Nilikuwa nimeandaa na maneno ya kumwambia kuhusu uongo. Zena akakunja shuka kwenye vidole.

"Sikudanganya," akasema.

"Ulikuwa unakohoa, ukabonyeza salama. Hiyo ni nini?"

Hadija akaniwekea mkono begani, akamwuliza yeye, taratibu. "Tuambie tu, mama. Kwa nini kijani?"

"Si ananisalimia?" Zena akasema. "Kirangozi. Ni mtu mzima. Anauliza umeamkaje, unaanza na salama." Akapumua. "Baba alisema ukiwa na neno litafuata. Nikawa nangoja aniulize tena. Lakini haulizi. Anapiga ngoma, tunaondoka."

Kwa mawazo nilirudi sebuleni kwangu, mbele ya Baba Mkubwa na wageni wawili, nikaisikia sauti yangu. Nikarudi uani kwa mama yangu, randa mkononi: vipi, Zena? Salama. Alinijibu kwa adabu niliyomfundisha, akasimama pale ameshika ubao, akisubiri nimwulize mara ya pili. Nilitoka nje ya wodi nikaenda nyuma ya tangi la maji, nikalia kama sijawahi kulia tangu nimzike baba.

Sista Neema nilipomweleza alishusha ile sauti yake ya juu. Akasema katika watoto wote wanaotumia ule mchezo, nani anajua wangapi wamelelewa vizuri kiasi hicho. Akaandika kwenye daftari, akasema atawapelekea ujumbe walioutengeneza. Mpaka leo ninapoandika, kirangozi bado anauliza mara moja tu na kupiga ngoma. Simwekei kinyongo. Yeye kazi yake anaifanya, anakumbusha dawa, anafundisha pumzi. Kuuliza mara ya pili ni kazi yetu.

Tuliporudi nyumbani nilivunja karakana. Nilipata banda ng'ambo ya barabara, napoteza kivuli cha mti wangu na wateja wa kupita, si kitu. Nguo za kazi zinabaki huko, naoga kabla ya kumkumbatia mtoto. Hadija alishona kimfuko cha kamba, dawa ya bluu inakaa humo, inavuka shingo na kwapa, inakwenda shule, inakwenda kwa bibi. Kuvutia dawa tunatumia chupa ya maji ya plastiki, nikaitoboa tundu nyuma la kuchomeka kopo la dawa, kwa kisu cha moto, kama Sista alivyonionyesha. Nimetengeneza makabati ya watu wakubwa mjini hapa, lakini sijawahi kupima tundu kwa umakini kama lile. Hadija alichukua muda kurudi upande wangu wa benchi. Simlaumu.

Na kila asubuhi, ngoma ikishalia, naenda mlangoni kwake.

"Umeamkaje, Zena?"

"Salama."

"Ila?"

Kisha nanyamaza. Hiyo ndiyo kazi ngumu, wazazi wenzangu, kunyamaza pale mlangoni wakati mbao zinakungoja. Wiki ya kwanza alisema "ila hakuna". Halafu akasema ila naogopa mashine. Siku nyingine ila nilikuota umekasirika. Mvua za kwanza zilipoanguka na vumbi likalala, akasema ila nina njaa, akacheka. Na siku ambayo alisema ila kifua kinabana kidogo, tukabonyeza njano pamoja, tukavuta ya bluu, tukabaki nyumbani, na saa sita alikuwa ananiomba ruhusa ya kwenda kwenye rede. Tangu kiangazi kile hatujawekewa mashine. Pumu haijaondoka, mtu asiwadanganye. Tunaishi nayo.

Baba Mkubwa alikuja tena mwezi uliopita na michembe yake. Asubuhi walikuwepo watu sebuleni, chai imemiminwa, na Zena akaingia kuamkia. Upepo ulikuwa umeanza tena.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Umeamkaje, mjukuu wangu?"

Akanitupia jicho mimi, si yeye. "Salama, babu," akasema. "Ila kifua kinabana."

Baba Mkubwa akanigeukia, anakumbuka ya mwaka ule, anangoja nimkemee. Niliweka kikombe chini, nikaenda kuchukua chupa. Tukavuta pale pale mbele ya wageni, nikimhesabia hadi kumi kwa kidole gotini, na mabega yake yakashuka pole pole. Baba Mkubwa alitazama yote hayo hadi mwisho. Kisha, kwa kuwa ni mzee wa adabu, na kwa kuwa nilikuwa sijasalimiwa, akasema, "Na wewe fundi, umeamkaje?"

"Salama, Baba Mkubwa," nikajibu.

Zena alikuwa bado ameshika chupa. Akaniangalia kwa subira, kama ninavyosimama mimi mlangoni kwake.

"Ila?" akauliza.

Watu wote walikuwa wananitazama. "Ila naogopa," nikasema. "Kila upepo ukianza, naogopa."

Zena akasogea kwenye mkeka, akanipa nafasi ya kukaa.